Masika ya Kumtafuta Khalfani

4 Machi

Nimejiandikisha kozi ambayo wenzangu wanaiita ya wendawazimu: Fasihi ya Mwanzo ya Marekani na Fasihi ya Walatino, yaani Wamarekani wenye asili ya nchi za Kihispania. Tumejiandikisha sita, na ukumbi tuliopangiwa ni wa watu mia. Genoveva, ninayekaa naye darasani tangu mwaka wa kwanza, alinishika mkono mlangoni.

"Kombo, huu mwaka wa mwisho. Watu wanachukua kozi za kupasi, we unachukua ya kudisko ufukuzwe chuo?"

Nikamwambia naipenda. Uongo. Kaka yangu Khalfani yuko mahali fulani kati ya Brazili na Marekani, na mie sijui kutamka hata jina la mji mmoja wa huko. Aliondoka Juni mwaka jana. Alipanda ndege mpaka Brazili, kutoka hapo akawa anasogea kwa basi na kwa miguu, nchi baada ya nchi, kuitafuta Marekani, yeye na rafiki yake Talha wa Kipawa. Kila alipopata mtandao alitutumia sauti kwenye simu. Ya mwisho ilifika Novemba kutoka Kolombia. Upepo mwingi, halafu yeye: "Kombo, kesho tunaingia msituni. Mwambie mama nimekula vizuri. Mwambie Salma nitampigia nikitokea upande wa pili."

Upande wa pili ni Panama. Hajatokea.

6 Machi

Mvua. Mama kalala mchana kutwa.

11 Machi

Kipindi cha kwanza cha Dkt. Theonest. Mhaya, mrefu, aliishi Texas miaka mingi, Kihispania anakimwaga kama maji na tutajifunza kwake kila asubuhi, lakini anafundisha kwa sauti ya mtu anayesoma matangazo ya vifo redioni. Ametuanzishia na wale Waingereza wa kale waliovuka bahari kwenda Marekani na wahubiri wao. Anasema waliuona msitu kama mtihani wa Mungu. Aliyevuka kachaguliwa. Aliyeanguka alikuwa na kosa lake.

Nikanyoosha mkono. "Waliofia njiani wameandika nini?"

Akavua miwani. "Waliofia njiani hawakuandika, Mwanakombo. Tunawasoma waliofika."

Nimemchukia njia nzima mpaka nyumbani Mtoni.

12 Machi

Mwezi umeandama. Tumefunga. Hii Ramadhani ya kwanza nyumba hii bila mwanamume.

17 Machi

Baba mdogo Nassibu alikuja kufuturu. Tangu baba afariki yeye ndiye mkubwa wetu, na kwa haki niseme hajawahi kututupa. Alikula kimya, akanawa, akasubiri mama amalize kuswali. Ndipo akasema.

"Shemeji, kuna jambo. Nimelibeba muda mrefu, sasa linanielemea. Mtoto wetu Khalfani tumuombee."

"Si tunamuombea kila siku?" mama akasema.

"Nasema tumsomee khitma. Idi ikipita, tumswalie swala ya ghaibu bila mwili, tumalize. Huyu binti wa watu," akamwonyesha Salma kwa kidevu, "hawezi kukaa hivi. Si mke, si mjane. Kwao wananiuliza."

Salma ni mke wa kaka. Walikaa mwaka mmoja tu, kisha kaka akaondoka. Anashona nguo pale barazani na anaishi nasi. Nilimtazama nikitegemea ataruka. Alikuwa anachota uji wa mchele, anautia kwenye bakuli la baba mdogo, bila kumwaga hata tone.

"Hajafa," nikasema.

"Umemwona?"

"Na wewe baba mdogo, umeuona mwili wake?"

"Mwanakombo!" Mama alinikata kwa sauti ambayo sijaisikia tangu nikiwa shule ya msingi.

Baba mdogo hakukasirika. Alisema sheikh kamwambia hivyo hivyo: bila shahidi wa kuaminika, hakuna wa kumtangaza mtu kafa. Basi atamtafuta shahidi. Na shahidi ni mmoja tu duniani. Talha.

Salma akaondoa vyombo. Hakuna hata chozi. Niliusikia mlango wa chumba chake ukifungwa taratibu, kama mtu anayetoka kazini.

20 Machi

Nilimpata Talha kwa simu. Yeye kafika, yuko Marekani, anafanya kazi kwenye ghala. Nilipojitaja akanikatiza.

"Sista, tuliachana msituni. Watu wengi, kila mtu na mwendo wake. Sijui zaidi."

"Uliachana naye wapi? Mtoni? Mlimani? Alikuwa mzima?"

"Sijui zaidi, Wallahi."

Akakata. Nilipopiga tena, namba yangu haimfikii. Kanifungia.

Mtu anayeapa kwa Mungu halafu anakufungia simu anajua zaidi.

23 Machi

Nimekwenda Kipawa, karibu na uwanja wa ndege, kwa mama yake Talha. Alinikaribisha vizuri, akanipa mkeka, lakini kila nikiuliza kitu ndege inapita juu ya paa na sote tunasubiri ipite. Nikadhani anazipenda ndege hizo, maana zinampa muda wa kutafuta jibu.

"Mwanangu, kila nikimtaja Khalfani anakata simu," alisema mwisho. "Mtoto wangu kafika, lakini si yule niliyemuaga. Hacheki. Ananitumia picha za theluji, yeye mwenyewe hayumo kwenye picha."

Nilitoka nikiwa na hasira kuliko nilivyoingia. Mwanaye anaye, hata kama hacheki.

28 Machi

Salma anatoka kila siku baada ya alasiri. Anasema anapeleka nguo kwa wateja. Leo nimeona nguo alizosema anapeleka, ziko kwenye kapu lake vile vile. Simu haiachi mkononi, nikiingia anaigeuza uso chini. Juzi nilimsikia uani akisema kwa sauti ndogo, "Tafadhali, tafadhali," kisha akakata.

Kuna mwanamume. Ndiyo maana hakulia. Ndiyo maana kwao wanauliza.

2 Aprili

Dkt. Theonest karudisha insha. Tuliambiwa tueleze safari katika maandishi ya wahamiaji wa kale, tukilinganisha na ya Walatino wanaoandika leo kuhusu mpaka. Niliandika kurasa tisa. Nilisema wahubiri wale walimgeuza Mungu kuwa kocha anayewapigia makofi washindi, na kwamba maandishi ya Walatino ndiyo ya kwanza niliyoyaona yakiwageukia waliobaki nyuma na kuwaita. Niliandika nikifunga, nikilia, sikusoma tena.

Ameandika kwa kalamu nyekundu: "Hii si insha, ni kilio. Rudia."

Nikirudia nikashindwa tena, nina sapu, mtihani wa marudio.

10 Aprili

Idi. Mama hakubadili nguo.

14 Aprili

Mto Kizinga umepanda. Maji yameingia ndani yakafika magotini. Mie na Salma tulimbeba mama mpaka kwa jirani mwenye nyumba ya ghorofa, tukarudi kuokoa magodoro. Hatukuyaokoa. Madaftari yangu yamevimba kama mikate. Salma alikuwa amekumbatia cherehani kifuani, maji yanamfika mapajani, na kwa mara ya kwanza nilimwona anaogopa.

"Wifi, ule mto wa huko msituni," aliniuliza, "unaweza kuwa mkubwa kuliko huu?"

Nilimpa kisogo. Nilikuwa bado nina hasira naye.

16 Aprili

Matope. Tunafagia matope.

19 Aprili

Matope.

22 Aprili

Barabara imekatika, kipindi kimeahirishwa, nikarudi nyumbani mapema, alasiri. Mama alikuwa kwa jirani. Mlango wa Salma ulikuwa wazi nusu, nikasikia anaongea. Nikasimama. Nilitaka kumkamata, naandika ukweli, nilitaka sana.

"Busco a mi marido," alikuwa anasema. "Busco. A mi. Marido. Tanzania. Por favor."

Namtafuta mume wangu. Tafadhali.

Nikasukuma mlango. Alikuwa kakaa sakafuni, simu sikioni, na ukutani kabandika karatasi za masomo yangu ya Kihispania alizozipiga picha akaenda kuzichapisha. Upande wa pili wa simu mtu akasema neno moja la haraka, kisha ikalia tuu tuu tuu.

"Hawanielewi," Salma akasema. "Nikisema hivyo wanauliza swali, mie swali silielewi, wanakata. Nyumba ya kumi hii ya kuhifadhi wahamiaji, namba nazitoa mtandaoni, labda zaidi. Kuna kijana wa duka la simu, mtandao wake una nguvu, ananiruhusu nikae pale jioni. Leo kumefungwa, nikajaribu hapa."

Nilikaa chini. Aliniuliza nina nini. Nikamwambia nilidhani ana mwanamume.

Alinitazama, akaanza kucheka. Alicheka mpaka akajishika tumbo, na kicheko kikageuka katikati, nikawa namshika mie.

"Nikilia, watasema najua kafa," alisema akifuta pua kwa kanga. "Nikicheka, watasema nimemsahau. Sasa ningefanya nini, wifi? Nikaona ninyamaze."

Tumekubaliana kila siku baada ya alasiri namfundisha. Leo tumeanza na vitenzi: kuona, kupita, kula, kuumwa, kufa. Nilipofika kwenye cha mwisho nilitaka kukiruka. Alisema nikiandike.

24 Aprili

Tumekwenda Kibamba kwa Dkt. Theonest, mie na Salma. Chuo kimejaa maji, yeye anafundishia nyumbani wanaoweza kufika. Nilimkuta kavaa ndala, anachimba mfereji wa maji nyuma ya nyumba. Nikamwamkia, nikamweleza yote nikiwa nimesimama. Khalfani, Novemba, msitu, Talha.

Aliacha jembe. "Kwa nini hukuniambia?"

"Ungesema ni kilio."

Akanawa mikono ndooni. Kisha akatuingiza ndani, mkewe akatuletea chai, na yeye akaleta simu yake. Kumbe kule Texas alikuwa akienda kila Jumamosi kuwatafsiria wahamiaji wanaotoka mpakani, wakiwemo Waafrika. Anawajua masista na watu wa parokia wanaoendesha nyumba za hifadhi, na wao wanawajua wengine mpaka Panama. Alituandikia namba. Alimfundisha Salma jinsi ya kusema, "Usikate, tafadhali, sema polepole." Alimtaka arudie mara nyingi, kwa upole ambao darasani hatujawahi kuuona.

Wakati wa kuaga akaniambia, "Waafrika wale walinisimulia walichokiona kwenye ule msitu. Nilikoma kwenda. Sikuweza. Nilirudi nyumbani, nikajifunza kuwasoma waliofika tu."

26 Aprili

Nyumba ya kwanza: hakuna.

27 Aprili

Hakuna.

30 Aprili

Tumempata mtu mvumilivu wa Kosta Rika. Nikamtajia jina herufi kwa herufi, K, H, A, L. Akatafuta. Hakuna mtu wa K kutoka Tanzania.

4 Mei

Wametangaza kimbunga. Tumefunga madirisha. Mama kasema, "Huko aliko, Mungu ampe paa." Kasema "aliko". Nimeliandika ili nisilisahau.

6 Mei

Baba mdogo kapiga. Ukoo wa kina Salma wamemwita kikao. Wanataka mtoto wao arudi. Amewaomba wasubiri mwezi uishe. Alikataa kuongea na Salma. "Mie siwezi kumwangalia usoni," alisema, na nikagundua kumbe naye anaona aibu. Nilikuwa nimemfanya adui, lakini yeye kabebeshwa mzigo wa watu wa pande mbili na hana wa kumtua.

9 Mei

Dkt. Theonest katusomea shairi la mama wa mpakani anayemwita mwanawe. Alisoma kwanza kwa Kihispania, tusikie sauti kabla ya maana. Neno la mwana, hijo, linatokea kila mstari, na kila akilifikia anakwaruza koo. Projestus wa nyuma akauliza mbona limeandikwa kwa J.

"J yao si ja," akasema. "Inatoka kooni. Ukimsikia Mwarabu anasema kh, ndiyo hiyo hiyo."

Nilijua hilo tangu Machi. Nilijua kuisoma J yao. Lakini sikuwahi kufikiri kinyume chake: kwamba mtu wa huko akisikia "Khalfani" kwa sikio, ataandika nini?

Nikasimama. Vitabu nikaviacha mezani. Dkt. Theonest hakuniuliza, alishika mlango tu nikapita.

11 Mei

Naandika hii Jumamosi asubuhi, lakini ni ya jana Ijumaa.

Alasiri tulikuwa wanne sebuleni. Mama kwenye mkeka. Salma ubavuni kwangu. Baba mdogo alikuja kwa mengine, akaona tunavyokaa, akakaa. Kule Panama ilikuwa asubuhi. Nikapiga nyumba ya masista iliyo karibu kabisa na mahali msitu unapoishia, tuliyoipiga mwanzo, mwingine akapokea, akatafuta kwenye K tu, akasema hakuna. Nikaweka sauti ya nje ili Salma asikie.

Sista aliyepokea ana sauti ya mtu mzima. Nikamsalimu, nikamwomba atafute mtu wa Tanzania, jina linaanza na J. Jalfani.

Sikusikia karatasi zikifunuliwa. Hakuhitaji kutafuta. Akauliza mie ni nani wake.

Nikasema, dada.

Akaniuliza kama niko na mtu. Nikasema niko na mama yangu. Akaomba nikae. Nilikuwa nimekaa tayari.

Akaanza kuongea polepole, kama nilivyomwomba. Alisema Novemba mvua ilinyesha sana milimani na mto ukashuka kwa ghafla watu wakiwa katikati. Alisema wengi walitoka. Alisema wanakijiji wa chini ya mto walimkuta kesho yake kwenye mchanga. Wanawake wa kijiji walimuosha matope, wakamfunga shuka safi, wakamzika makaburini kwao, upande wenye miti. Alisema hakuwa na karatasi yoyote mfukoni. Jina alilitaja rafiki yake. Yule rafiki aliingia majini mara mbili kumfuata, wakamvuta na kamba, akakaa kaburini hata kula hataki, mpaka watu wengine wa msafara walipomchukua kwa kumbeba. Aliwaambia jina moja tu, Jalfani, na nchi, na kwamba ana mama. Sista aliandika kama alivyosikia, akasubiri mtu apige.

"Tumekusubiri," aliniambia.

Mama alikuwa ananitazama mdomo. Baba mdogo pia. Kwa muda ule kaka yangu alikuwa bado hai katika chumba kile, na aliyejua ni mie peke yangu. Niliwaza kusema wanaendelea kutafuta. Niliyaona maneno yenyewe, mepesi, yameshapangwa. Ningewapa mwaka mwingine.

Nikageuka kwa Salma. Salma alikuwa ameshajua. Alilisikia neno, lile la mwisho kwenye karatasi ya vitenzi, na mikono yake ilikuwa imelala mapajani viganja juu, kama mtu anayepokea kitu.

"Sema, wifi," akaniambia. "Sema kama alivyosema. Usipunguze."

Nikasema. Nikasema yote, mto, mchanga, wanawake, shuka, miti. Nilipofika kwa Talha kuingia majini mara mbili nikashindwa, nikamnong'oneza Salma yaliyobaki, akamalizia yeye.

Mama hakupiga kelele. Alisema, "Innaa lillahi," akalala ubavu pale pale mkekani, akaomba afunikwe. Baba mdogo, mtu aliyetaka khitma tangu Machi, ndiye aliyelia kama mtoto, akipiga ngumi kwenye goti lake.

Sista alikuwa bado hewani. Nilikuwa nimemsahau. Nikamwambia ahsante kwa lugha yake. Akasema atakuwepo.

12 Mei

Watu.

17 Mei

Wamemswalia swala ya ghaibu baada ya Ijumaa. Baba mdogo alisimama safu ya mbele. Sie tulikuwa uani na wanawake, khitma ikisomwa.

Baadaye sheikh alikuja kumwona Salma kuhusu eda, ile miezi minne na siku kumi za mjane. Salma alishajiandaa. Alisugua hina mpaka ikatoka, akavua bangili, akatafuta gauni lililofifia. Sheikh alikaa mbali, macho chini, akauliza mume kafa lini. Akahesabu kwa vidole.

"Binti, eda yako imeshapita. Inahesabiwa tangu siku aliyokufa, si siku mliyopata habari. Ilikwisha ndani ya Ramadhani. Uko huru."

Salma hakuelewa. Akamuuliza tena. Alipoelewa alisema, "Mie nilivaa njano. Eda yangu yote nilikuwa nimevaa njano, naenda sokoni."

"Hukujua. Huna dhambi."

"Siulizi dhambi," Salma akasema. "Nauliza nimlilie lini."

Sheikh akainua mikono, akamwombea dua. Namheshimu kwa kuwa hakumtafutia jibu.

18 Mei

Wakubwa wa Salma walikuja kumchukua, na gari. Alisema atakwenda, lakini si sasa. Mama yake akamwambia, "Unakaa hapa kama nani?" Mama yangu, ambaye hajaongea wiki nzima, akajibu kutoka chumbani: "Kama mwanangu." Wakaondoka.

20 Mei

Talha kapiga kwa namba mpya. Mama yake kamwambia tumejua. Analia tu, na mie sikumwambia akome. Nikamwambia Sista wa Panama kasema uliingia majini mara mbili. Akasema, "Ilitakiwa mara tatu, sista." Nikampa mama. Mama akamwambia, "Baba, kula. Unasikia? Kula." Hakumwambia jingine.

28 Mei

Ijumaa Sista alituma picha ya kaburi. Udongo mwekundu, majani mapana, na kichwani msalaba wa mbao uliopakwa buluu.

Baba mdogo aliiona, akaruka. "Mtoto wetu Mwislamu!" Alizunguka sebule nzima. Nilijaribu kumweleza kwamba pale kila wanayemzika wanampa msalaba, ndiyo heshima waliyonayo. "Najua ni heshima!" akasema. "Najua! Lakini si yake!"

Mama aliitazama sana. Akaniambia, "Muandikie. Mshukuru kwanza. Halafu mwambie."

Ilinichukua siku mbili. Nimeandika insha nyingi chuoni, sijapata kuandika kitu kigumu hivi. Namna ya kumwambia mtu aliyemzika ndugu yako wakati wewe hupo kwamba kakosea kidogo. Salma alikaa ubavuni akifuta maneno niliyoyafanya makali. Niliandika kwamba kaka yangu aliswali. Kwamba kwetu tunaweka jiwe kichwani na jiwe miguuni, basi. Kwamba mama anauliza kalala kaelekea wapi, maana kwetu maiti huelekezwa kibla. Nilimpelekea Dkt. Theonest aisome. Aliirudisha bila alama hata moja ya kalamu, kaandika chini tu: "Tuma."

10 Juni

Mtihani. Swali la tatu lilikuwa juu ya safari. Nimeandika mpaka msimamizi akanivuta karatasi mkononi. Sijui nimepasi. Genoveva kanisubiri nje, akanishika mkono, tukatembea hivyo mpaka getini.

13 Juni

Mvua zimekatika. Kumeanza baridi ya asubuhi.

Sista kajibu. Kaomba radhi, na ilinichoma kwamba ndiye anayeomba. Jumapili walikwenda na wanawake wale wale wa kijiji, wakaung'oa msalaba, wakauweka kanisani. Walichagua mawe mawili mtoni. Hawawezi kumsogeza, anasema, wala siku ile hawakufikiria kumwelekeza, lakini kapima kwa ramani, na kwa bahati uso wake umeelekea mashariki na kaskazini kidogo, ambako ndiko jua linatokea na ndiko, kwa ramani yake, kibla kiliko.

Akatuma picha. Mawe mawili ya kijivu, mviringo. Nyuma yake wamesimama wanawake sita wenye nguo za rangi kali, na wote sita wamejifunika vichwa kwa mitandio. Sista anasema hakuna aliyewaambia.

Nilimpa mama simu. Aliishika kwa mikono miwili. Salma akasogea, kidevu begani kwake. Mama aliwatazama wale wanawake mmoja mmoja, akawa anasogeza kidole kutoka uso mmoja hadi mwingine, na mwisho akakiweka juu ya jiwe la kichwani, akakiacha hapo, mpaka simu ikajizima yenyewe.

"Iwashe tena," akaniambia.